Jeshi la Kijivu la Ouma

Ouma, jirani yangu wa ukuta,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua, maana nilikuwa Rusinga siku ile na udongo nilitupa kwa mkono wangu. Yangu si mbaya. Kibanda chako cha kutengeneza simu hapa Migori kimechukuliwa na dada mmoja anayeuza mitumba ya watoto. Anapenda redio, na sasa ukuta wetu wa mabati unaimba kuanzia asubuhi. Mara mbili tatu nimeugonga kukuomba ile bisibisi ndogo, halafu nikakumbuka. Yule dada anadhani nalalamikia redio, anaipunguza sauti. Sijamwambia ukweli.

Lakini sijaandika kwa sababu ya redio. Nimeandika kukuambia kwamba jeshi lako limepakwa rangi. Lote, hata wale wapiga mishale uliosema watakuwa wa mwisho. Najua huamini. Mimi mwenyewe kila nikiwatazama nangoja uingie useme tumekosea rangi ya ngao.

Unakumbuka lilivyokuja. Mteja wako mmoja alikuwa anahama nchi, akakuachia sanduku zima la askari wa plastiki, kila mmoja urefu wa kidole gumba, kijivu watupu, wengine bado hawajaunganishwa. Ulilipakata kama mtoto mchanga. Rafiki yetu Jared alikuwa na jeshi lake tayari. Mwalimu wa hesabu mzima, mtu wa kuheshimika kule Oyugis, anasafiri na katoni ya viatu iliyojaa wanajeshi. Jumapili moja kila mwezi nilikuwa nafunga saluni, tunafuta ile meza ninayopakia watu kucha, vita vinaanza. Jeshi la Jared lilikuwa na rangi za kila aina na lako halikuwa na hata moja. Alikuwa anakuambia amechoka kupigana na ukungu. Na wewe kila mwaka mpya unatangaza, "Mwaka huu nawapaka wote," na kila mwaka sanduku linarudi chini ya kitanda. Nilikuambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Ulicheka ukaingiza mikono mfukoni.

Ile mikono. Tulijua, Ouma. Mtu mwenye sikoseli hawezi kuwaficha majirani wanaomsikia akiugulia nyuma ya bati. Siku nzuri ulifungua simu ukaifunga kabla mteja hajamaliza soda yake. Siku mbaya vidole vilivimba hata kikombe kilikushinda, na brashi ya kupaka jicho la askari ni nyembamba kuliko sindano. Hukutaka kuhurumiwa, kwa hiyo tulikutania. Ulipenda kutaniwa. Nilikuwa nakuona unavyonyooka kwenye kiti.

Sasa nikuambie kilichotokea nyumbani kwenu, maana hilo ndilo jambo lenyewe.

Baada ya matanga mama yako aliingia kwenye simba yako, ile nyumba ya kijana asiyeoa, kufagia, akalivuta kutoka chini ya kitanda lile sanduku ulilokwenda nalo nyumbani ulipozidiwa. Hakuwa amewahi kuliona. Akafungua. Fikiria, Ouma, mama wa kanisa, mtoto wake hajamaliza hata mwezi ardhini, anakuta umati wa watu wadogo wenye rangi ya majivu, hawana macho, wameshika mikuki. Wengine hawana mikono. Na ule mfuko wa plastiki ulioweka vichwa. Mtu gani anaweka vichwa peke yake kwenye mfuko?

Alinipigia simu. Hajawahi kuniita Boke, wewe unajua, tangu siku uliyonipeleka kwenu nimekuwa binti wa Wakuria basi. "Nyar Kuria," akasema, "kuja uniambie mtoto yangu alikuwa anafanya nini na hii watu."

Nilimwita Jared, tukakutana Homa Bay, tukavuka daraja la Mbita pamoja. Tulikuta sanduku liko nje, mbali na nyumba, karibu na ua, limewekewa jiwe juu. Jared akaanza kueleza kama anavyoeleza hesabu: ni mchezo, mama, una kanuni zake, mnapima umbali, mnarusha dadu. Aliposema dadu nikajua ametuharibia. Kwa mama, kumbe kulikuwa na kamari pia.

Nilitaka kucheka, kisha nikamtazama uso. Mama yako alikuwa amekonda. Akatuambia mambo ambayo hukuwahi kutuambia wewe. Tangu ukiwa mtoto majirani walisema ugonjwa wako ni wa kurogwa, wengine wakasema uchawi ni wa kwenu kwenu. Yeye alikataa. Alikubeba mgongoni hadi kliniki wakati watu walikuwa wanamwonyesha njia ya kwa mganga, na kila aliyemwambia ni juok, uchawi, alimjibu ni damu, daktari amenionyesha, ni damu. Miaka yote hiyo alisimama hapo. Halafu anafungua sanduku chini ya kitanda chako. "Nikajiambia, labda walisema ukweli," alisema. "Labda ni yeye mwenyewe alienda huko."

Wamama wa maombi walikuwa wamemshauri achome. Kiberiti alikuwa nacho, mafuta ya taa alikuwa nayo. Hakuchoma kwa sababu aliona akichoma hatajua kamwe mtoto wake alikuwa nani. Ouma, hapo ndipo nilipokulilia kwa mara ya pili. Ya kwanza ilikuwa kaburini, na hiyo ilikuwa ya kila mtu.

Ni Jared aliyetuokoa, baada ya kutuharibia. Alimwambia, "Mama, tupe nafasi. Hii jeshi tunagawana nusu kwa nusu, mimi na Boke. Tunashindana kupaka. Wewe utakuwa refa. Ukishaona wote wamemalizika na bado uone ubaya, moto nitawasha mimi mwenyewe." Atakayeshindwa atapika samaki wa kulisha boma lote.

Mama aliliondoa lile jiwe juu ya sanduku. Kisha akatoa masharti. "Mtapaka hapa. Mchana. Na mlango wazi."

Basi hivyo ndivyo kazi uliyoitangaza kila Januari ilivyoanza bila wewe. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo, lakini lako lilikuwepo, tena lilitutoa jasho. Kila nilipopata Jumamosi nilifunga saluni, wateja wakanung'unika kucha zao zimekatika, nikabeba mkoba wangu wa brashi kwenda Rusinga. Tulikaa kwenye baraza ya jikoni. Tuliunganisha mikono kwanza, kisha vichwa. Mama alianika omena, wale dagaa wa ziwani, kule uani akatupa mgongo, ila mgongo wenyewe ulikuwa unasikiliza.

Mimi nilikuwa na faida, usimwambie Jared. Mtu anayechora ua kwenye ukucha wa kidole kidogo hawezi kushindwa na jicho la askari. Nina kile kijiti cha kutia nukta, unakijua, ulikuwa ukiniibia kusafishia spika za simu. Nilitia nukta nyeupe, nikatia nyeusi ndani yake, na yule askari akatazama. Jared alikuwa anapaka kama anafuta ubao. Watu wake wote walikuwa na macho ya mtu aliyeamshwa.

Jumamosi ya kwanza mama hakusogea. Ya pili alileta omena za kuchambua, akakaa hatua chache kutoka kwetu. Baadaye nikasikia sauti nyuma ya bega langu. "Huyo umempatia rangi ya chai ya maziwa. Watu wa hapa wako hivyo?" Nilitazama, ilikuwa kweli. Niliongeza kahawia, nikaongeza tena, hadi akaguna. Tangu siku hiyo hakuna askari aliyepita bila kukaguliwa ngozi.

Halafu ngao. Jared alikuwa amepaka zake nyekundu na buluu, nzuri sana, kama matatu ya kwenda Kisii. Mama akaichukua moja kwa vidole viwili, mara yake ya kwanza kuwagusa. Akatuambia habari za babu yako alipozikwa, yeye akiwa bibi arusi ambaye hata kupika kwa boma lile alikuwa bado anajifunza. Aliwaona wanaume wakirudi kutoka tero buru, walipokwenda mbio na ng'ombe dume na mikuki kukifukuza kifo mbali na boma. Nyuso zimepakwa nyeupe, manyoya kichwani yakitikisika, ngao zina vumbi. Alikuwa amejificha nyuma ya jiko akichungulia. "Mimi ni mtu wa kanisa," akasema, "lakini macho ninayo." Jared alirudia ngao zote. Hakubisha hata moja. Kwa yule kaka, huo ni muujiza.

Na wewe hakuna aliyekukimbilia na ng'ombe. Hukuwa na mke, hukuwa na mtoto, na boma ni la kanisa. Tulikuzika kwa nyimbo za kitabu tukanywa chai. Sikuona ubaya wakati ule, mimi si mtu wa kwenu. Ila siku ile ya ngao nilimwona mama yako anamkausha askari mmoja kwa pumzi, pole pole, na nikajua anafikiria hilo. Mimi pia nililifikiria.

Sasa siku ya mwisho. Mama alitoa meza ya sebuleni, ile ya kuwekea wageni chakula, akaileta nje mwenyewe. Tukakupangia jeshi lako, wapiga mishale nyuma, wenye mikuki mbele, kama ulivyopenda. Jared akatoa lake kutoka kwenye katoni, akalipanga upande wa pili. Mama alizunguka ile meza.  Kiberiti kilikuwa pale dirishani, nakiona.

Akauliza, "Hawa wanapigana na hao?"

Jared akasema ndiyo, mama.

"Na wakifa?"

"Tunawalaza pembeni."

"Halafu?"

Nilimjibu mimi. Nilimwambia mchezo ukiisha tunawainua wote, wako na wa Jared, tunawarudisha kwenye sanduku, na mwezi mwingine ukifika wanasimama tena. Hakuna anayebaki amelala.

Alizunguka tena hadi upande wa jeshi lako. Akamchukua mmoja, akamgeuza, akamrudisha mahali pake kabisa, hakumsogeza hata kidogo. Akasema, si kwetu, "Kumbe alikuwa anacheza."

Kisha akakaa kwenye kigoda, akalia, na katikati ya kulia akatuambia. Maji ya ziwa baridi yalikuletea maumivu, akakukataza kuogelea. Kukimbia kulikuletea maumivu, akakukataza mpira. Akakukataza kupanda miti, akakukataza hata kukimbiza kuku. Ulikuwa unakaa kwenye ngazi ya nyumba unatazama wenzako wakienda ziwani, na hukulalamika, na kule kutolalamika ndiko kulimuumiza zaidi. "Nilikuwa nafikiri nimezika mtoto ambaye hajawahi kucheza," alisema. "Nilikuwa naenda na hiyo kaburini kwangu."

Ouma, nilimshika mkono. Nikamweleza yote. Jinsi ulivyokuwa ukimdanganya Jared unaenda kulia kumbe unaenda kushoto. Jinsi ulivyosimama juu ya kiti changu cha wateja siku uliyomnasa jenerali wake kwa wapiga mishale watatu, ukapiga kelele hadi mama wa mboga akaja kuuliza nani amejifungua. Alinisikiliza akiwa amefungua mdomo kidogo, na machozi hayajakauka, na alikuwa anacheka. Akaniambia nirudie ile ya kiti. Nikairudia. Akataka tena.

Kiberiti alikichukua akaenda kuwasha jiko, chai ikachemka.

Matokeo ya mashindano utayapenda. Nilimaliza kabla ya Jared, na wangu ni wazuri kuliko wake, hata mbuzi wa pale anajua. Refa akampa Jared ushindi. Sababu? Wa kwangu wanafanana na watu wa kalenda, wa Jared wanafanana na watu anaowajua. Nilipika samaki, mimi mtu wa Isebania kusiko na ziwa, mbele ya wanawake wa Rusinga waliosimama mlangoni kuangalia nitakavyowakwaruza magamba. Sitaki kuzungumza zaidi kuhusu hilo.

Mmoja wa wale wamama wa maombi alikuja siku hiyo. Alipoona jinsi walivyopendeza alishauri wawekwe kwenye kabati la kioo sebuleni, karibu na picha yako. Mama akamwambia, "Kabati ni ya vikombe. Hii ni ya kuchezwa." Akanikabidhi sanduku mwenyewe, na tulipofika langoni alituuliza kama mtu anaweza kurusha ile dadu bila kuweka pesa. Jared alimwambia sisi hatujawahi kuweka hata senti. Akasema atafikiria.

Jeshi lako sasa liko saluni, kwenye rafu, juu ya rangi za kucha. Nimekukosa sana, Ouma. Nakukosa hasa wakati hakuna mteja na ule ukuta umetulia. Nilidhani nikimaliza kuwapaka nitakuwa nimemaliza na kulia, na haikuwa hivyo.

Jumapili ijayo Jared anakuja na katoni yake. Nakuahidi sitawaacha wakae tu wapendeze. Nitawachezesha hadi rangi ibanduke kwenye mikuki, na ikibanduka nitapaka upya. Jared akidanganya kwenye kipimo nitamshika mkono kama ulivyokuwa ukimshika. Na kila mchezo ukiisha nitampigia mama yako simu nimwambie ulishinda au ulishindwa, kwa sababu ameniomba nisimfiche.

Oriti, kwaheri rafiki yangu. Nind gi kwe, lala kwa amani. Zamu yako nitaicheza mimi.

Boke