Siku ya kwanza bila kamba

Mwenzangu, Mjomba nusura ampige risasi yule mbwa mchanga ninayemfundisha kuwinda.

Leo nilimfungua kamba kwa mara ya kwanza. Alitembea vizuri ubavuni kwangu, mara akanusa kanga wa porini, akatimka kwenye nyasi ndefu.

Mjomba, aliyekuwa mbali mbele yetu, aliona nyasi zinatikisika tu, akainua bunduki. Nikapaza sauti, "Mjomba, huyo ni mbwa." Hakusikia. Hakusikia kabisa.

Nikapuliza filimbi ya kumkalisha. Nyasi zikatulia, bunduki ikalia.

Nilijua filimbi yangu ndiyo imemmaliza.

Nikamkuta amekaa kitako, mzima. Risasi ilimpita juu ya kichwa. Mjomba anarudia tu, "Nilidhani ni paa."

Nimemkumbatia mbwa wangu, nakuandikia kwa mkono mmoja. Yeye anahangaika arudi kwenye ile harufu.