Ufunguo wa Kabati la Sukari

Sumeiya mwanangu,

Ufunguo wa kabati la sukari huu hapa. Kaa nao wewe, mimi sifungi tena. Mchuzi wa samaki upashe tu, usiongeze chumvi.

Asubuhi kliniki nesi alinibonyeza tumbo, akalikuta lile donge langu. Akaniuliza insulini najichoma wapi. Nikamwambia pale pale kando ya kitovu, mwaka wa pili huu, maana pale sina haja ya kufungua leso, wala siumii tena. Kumbe ni mafuta yamejikusanya kwa kuchomwa mahali pamoja! Dawa ikiingia hapo haifiki mwilini sawasawa. Ndiyo maana sukari yangu haishuki.

Nami nikasema ni wewe, wanitilia sukari ya siri kwenye chai. Nilikusema mbele ya mumeo hadi ukalia. Uso wangu sijui nitauweka wapi.

~~Usimwambie mumeo Yasin.~~ Mwambie. Mimi naenda Muyeye kwa dada yangu, kwani huko nako nilikutangaza.

Nguo zianue mapema, mawingu yametanda.

Dozi ya jioni nesi ameipunguza, maana mahali papya itafika yote mwilini, na ameagiza ichomwe nyuma ya mkono. Mwenyewe sifikii. Siku ile ulipotaka kunisaidia nilikufukuza chumbani, nikaona haya mke wa mwanangu kuniona mwili. Leo nikirudi, nawa mikono uje. Mlango nitauacha wazi.

Mama mkwe wako