Damu ya Évariste na Sahani ya Adolphine

Damu inakwisha mu mwili ya mutoto yangu Évariste! Ndiyo salamu yangu leo, maman Delphine, wewe mwenye kujibu barua za watu, naomba unisaidie, kwa sababu Évariste si mutoto wa hivi hivi, ni fundi wa kupaka gari rangi, uliza Kadutu nzima, gari ikitoka kwake unajiangalia ndani kama mu kioo, na jioni ananawa mikono na essence, mafuta ya gari, mpaka inangaa kama ya docteur, na mimi nilimulea vizuri, hata sasa ameoa, iko na bibi, homa ikimugusa tu, tumbo ikimukata tu, nakimbia mimi mwenyewe ku soko kumuletea kloramfenikoli, zile kapsule za nguvu, si kama wamama wengine wenye kungojea.

Sasa amekuwa mweupe kama unga ya muhogo, kilima ya kwetu inamushinda, fizi zinatoka damu, ngozi inaota alama nyeusi na hakuna mutu amemupiga. Ku hospitali ya Katana wakamutoboa mufupa, docteur akasema: «Mama, uboho, ile ya ndani ya mufupa yenye kutengeneza damu, imeacha kazi.» Léopold, ndugu ya marehemu bwana yangu, akacheka: «Mufupa gani? Ile ni karuho, sumu ya polepole. Nani anamupikiaka?»

Anamupikiaka Adolphine, bibi yake wa ndoa, mutoto wa Sange, si wa kwetu. Ukoo yote inakuja kwangu Jumamosi kumufukuza. Jana Évariste akakataa sahani yake, Adolphine akaketi chini, akaikula yote mbele yangu, machozi mu ugali ya fufu: «Maman, angalia, nameza.» Nimuache afukuzwe? Mutoto yangu anakufa, maman.

Mama Emérence.

Mama Emérence, ni mimi Delphine, keti kwanza. Nakulilia, mimi pia nimezaa. Lakini ukoo yako inachunguza sahani, na wewe mwenyewe, ukimusifu mutoto, umeniandikia vitu vyenye vilipaswa kuchunguzwa. Ndani ya rangi na essence muko sumu, jina yake benzini. Inapita mu ngozi na mu pumzi, na miaka ikienda inaweza kuua uboho. Kloramfenikoli nayo, kwa watu wachache sana, inafanya vile vile, na hakuna mwenye anajua mbele ni nani. Dawa ya kuua wadudu, ugonjwa wa ini, mionzi, hivyo pia. Na mara nyingi madaktari wanatafuta sababu wanaikosa. Kwa hiyo sisemi ni wewe. Lakini Léopold, yeye, alipata wapi hakika? Aliona uboho na macho?

Kapsule za soko, basi! Asimeze hata moja. Nguo za kazi zitoke mu nyumba, na garage aiache. Umuambie docteur yote: rangi, essence, dawa. Sitakudanganya, mama: ugonjwa huu tunazika wengi. Damu ya watu wengine tu, yenye atawekewa, ndiyo itamusogeza siku, na hiyo damu iko mu mishipa ya wale wale wenye kuja kufukuza. Ukimufukuza Adolphine, Évariste atakufa bila bibi pembeni, na wewe utabaki na Léopold.

Waache waje, wote. Adolphine apike, wewe uonje wa kwanza, Léopold wa pili. Wakisha kushiba, uwapandishe gari ya Katana wakatoe damu ya kumupa Évariste. Jumamosi.