Moja ni Ndiyo, Mbili ni Hapana

Jumatatu. Mawingu yameketi juu ya Lucky Summer, mtaa wetu hapa Nairobi, tangu asubuhi, hayataki kunyesha wala kuondoka. Mvua ya mwaka huu imeamua kwenda kunyesha jangwani, huko waliko baba yangu na mume wangu.

Naandika kwa sababu mikono imekosa kazi. Nimeosha vyombo vilivyokuwa safi. Nimekunja nguo, nikazikunjua, nikazikunja tena. Sasa ni saa tisa alasiri na hakuna ninaloweza kufanya mpaka saa kumi na moja na nusu, wakati wetu wa kuitana redioni.

Siku zingine blogu hii ni ya mambo ya nyaya. Wachache mnaoisoma mnajua ninavyojisifu kwamba mimi na mume wangu Kimani ndio watu pekee wa ploti hii ya nyumba za kupanga wenye leseni ya redio ya ridhaa, ile ya kuongea na watu wa mbali kwa kujifurahisha tu, bila simu na bila mtandao. Mnaijua antena yangu juu ya paa, ambayo majirani huianikia soksi. Mnaijua pia Shosho, pikapu yetu kuukuu ya kwenda porini. Kimani aliichomelea bampa kwa mkono wake katika karakana anakofanya kazi Industrial Area, nami nikaifungia redio chini ya dashibodi. Leo sina la kujisifia.

Wamekwama huko, na sijui kama wote wawili wako hai.

Nimeliandika. Tangu jana nimekuwa nikilizunguka hilo neno kama mtu anayezunguka dimbwi.

Safari ilikuwa ya Baba. Alifanya kazi ya reli maisha yake yote, na ujana wake aliumalizia kwenye chumba cha telegrafu, akituma habari kwa mlio mfupi na mlio mrefu. Nyumbani kwetu Makongeni alinifundisha herufi hizo kwa kugonga kijiko kwenye kikombe, mpaka mama akachoka akatunyang'anya kijiko. Yeye husema kwamba redio ya Eastlands inasikia kila kitu isipokuwa watu. Inasikia chaja za simu, televisheni, mashine za kuchomelea na hizi balbu za bei rahisi. Alitaka aniite walau mara moja kutoka jangwa la Chalbi, mahali pasipo na waya wa stima, tusikizane kama watu walioketi meza moja.

Ni mzee na ana sukari. Nilimpakia sindano zake za insulini kwenye kijisanduku cha barafu, nikamwambia Kimani asimwachie ale mandazi. Kimani akacheka. Hao wawili wakiwa pamoja hakuna daktari wala binti anayesikizwa.

Jumamosi jioni walinipata vizuri ajabu. Kimani alisema wametoka Kargi na mbele kuna wingu jeusi. Kisha Baba akachukua maiki akaniuliza lile swali analofungia kila mazungumzo, iwe redioni, iwe kwenye simu, iwe mlangoni mwa kanisa.

"Mami, umekula?"

Ananiita Mami kwa sababu nina jina la mama yake. Hakuna mtu mwingine duniani anayeniita hivyo. Nikamwambia nimekula, akaridhika, na sauti zao zikaishia hapo.

Jumapili asubuhi niliita mpaka koo likakauka. Jioni, stima ya mtaa mzima ilipotea, watu wakaanza kulaani katika kila nyumba. Mimi nilishukuru. Redio yangu hutumia betri ya gari, na stima ikipotea zile kelele zote za chaja na televisheni hunyamaza. Ndipo nikausikia mlio mmoja mwembamba chini kabisa ya spika. Piii. Ukanyamaza. Piii.

Nilimpigia simu Bwana Mutiso, mwenyekiti wa chama chetu. Mwanamume huyu hata nyumba yake ikishika moto atakueleza kwanza ni waya gani ulioanza. Akaniambia polepole kwamba huenda antena ya gari imevunjika na betri inaelekea kwisha, kwa hiyo sauti ya mtu haiwezi kufika Nairobi. Lakini mlio mtupu una nguvu kuliko sauti. Huenda Kimani amegeuza redio itoe mlio tu kila akibonyeza maiki.

"Bila shaka yeye anakusikia vizuri," akasema. "Muulize maswali. Abonyeze mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana. Na usimchoshe, kila mbonyezo unakula betri."

Basi nikamuuliza mume wangu maswali ya ndiyo na hapana. Ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Mtu akiwa mbele yako unamuuliza tu, vipi, na yeye anajimwaga. Hapa lazima ubashiri balaa lenyewe, uliweke kwenye swali, umpelekee athibitishe.

Gari limetumbukia kwenye laga, yale makorongo ya huko ambayo hukauka mwaka mzima kisha maji yakashuka ghafla? Moja. Limelala ubavu? Moja. Mmetoka nje? Moja. Mna maji ya kunywa? Moja. Mmevuka njia panda ya baada ya Kargi? Mbili. Mko upande wa machweo wa barabara? Moja. Bwana Mutiso alikuwa kwenye simu sikioni mwangu na ramani mbele yake, akininong'oneza la kuuliza, na hivyo hivyo tukawabana mpaka tukajua ni laga gani. Akapiga simu Marsabit, mji ulio karibu nao. Gari la kuwatafuta likatoka, likafika kwenye mto uliojaa, likasimama. Mpaka sasa limesimama hapo.

Niliuliza hata habari za magurudumu. Niliuliza kama chakula kimeloa.

Sikuuliza habari za Baba.

Nilijiambia kwamba betri ni kidogo na la maana ni mahali walipo. Ni kweli. Lakini leo asubuhi, nikipiga mswaki, jambo moja lilinijia nikabaki na povu mdomoni. Kimani hajui telegrafu. Hajui hata herufi moja. Kila Baba alipojaribu kumfundisha, yeye alimtania: "Mzee, hizo ni za enzi za gari la moshi. Siku hizi kuna maiki." Baba anazijua kuliko anavyojua njia ya kanisani. Kama mlio ndio unaofika na sauti haifiki, ni nani angepaswa kuishika ile maiki? Baba angemnyang'anya. Angenitumia barua nzima, na salamu, na malalamiko ya barabara.

Badala yake nilisikia moja na mbili, moja na mbili, jioni nzima.

Kwa nini Baba hakushika maiki?

Sijala tangu hapo. Mama Abdi, mwenye duka hapa chini, amepanda na sahani ya wali, akaiweka mezani, akafunika. "Rehema, hata kama ni kijiko kimoja. Hao wanaume watarudi wakukute umekuwa mfupa?" Nimemwambia nitakula. Yeye na mama yake walishawahi kuvuka jangwa lile lile wakikimbia vita, yeye akiwa mtoto, na nimeona amejizuia asinieleze lilivyo.

Stima leo ipo. Kwa mara ya kwanza mwezi huu haijapotea hata dakika, na nimewasha redio kujaribu, ni kelele tupu kama mtu anakaanga samaki ndani ya spika. Nikikaa hivi sitasikia kitu. Naenda kumwona Ochieng, keateka wetu anayetunza jengo, aliye na ufunguo wa swichi kubwa ya ploti.

Leo nitauliza. Nimeamua. Naacha kuandika hapa kwanza.

Nimerudi. Herufi zinakosewa, mtanisamehe.

Ochieng hakutaka. "Madam, mimi nikizima stima ya ploti yote, hawa watu watanimaliza. Unajua wale wa third floor vile wako." Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, nimeyapanga tangu asubuhi, lakini nilipofungua mdomo nililia tu. Nililia pale kando ya matangi ya maji kama mtoto aliyeachwa sokoni. Aliniangalia, akaangalia antena yangu juu, ambayo amekuwa akiniambia niishushe tangu mwaka jana.

"Ni mzee yule wa kofia? Yule huniletea gazeti?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Saa ngapi?"

Saa kumi na moja na nusu alizima. Ploti nzima ikaguna. Juu mtu akapaza sauti, "Oya! Nani ameua stima? Simu iko three percent!" Ochieng akamjibu kutoka chini, "Tulia buda, kuna mgonjwa!" Na Mama Abdi, aliyekuwa ndiyo kwanza amewasha jenereta la duka lake, akalizima tena, maziwa yote yakiwa kwenye friji, bila mtu kumwomba.

Kelele zikashuka. Nikavaa vipokea sauti, nikaita kwa alama zetu, nikasubiri.

Piii. Hafifu kuliko jana. Hafifu sana.

Nikauliza kama gari la msaada limewafikia. Mbili. Nikauliza kama bado wana maji. Mbili. Nikawaambia gari linakuja, mto unapungua, wakae hapo hapo. Moja.

Kisha sikuwa na mahali pengine pa kujificha. Nikabonyeza maiki.

"Kimani, Baba yuko hai?"

Niliachia kidole. Nilikuwa nimefumba macho kama mtu anayengoja kuchomwa sindano. Hakukuja kitu. Nikahesabu pumzi zangu mwenyewe, nikapotea, nikaanza tena. Huko nje Ochieng alikuwa akibishana na mtu kwenye ngazi. Nikajiambia, Kimani hawezi kubonyeza mbili. Ameketi huko na kidole juu ya maiki, na hawezi. Nilikwisha kuona jeneza, naapa. Niliona mpaka rangi ya kitambaa.

Halafu ikaja. Fupi, fupi, fupi, ndefu.

Haikuwa moja. Haikuwa mbili.

Nikafumbua macho. Ikaja tena, polepole, kwa mapengo marefu na mkono mzito. Fupi, fupi, fupi, ndefu. Hiyo ni herufi V. Watu wote wa telegrafu wa zamani huanza kwa V kadhaa, ndivyo wanavyobisha hodi, na nilijifunza hilo kwa kijiko kabla sijaanza shule. Kimani hajawahi kuijua maishani mwake.

Lakini mkono ulikuwa wa Kimani. Mkono wa Baba ungetiririka. Huu ulikuwa ukikwama, ukikosea, ukirudia, mfupi mmoja mrefu mno, mrefu mmoja mfupi mno. Ulikuwa mkono wa fundi wa kuchomelea anayeandika lugha asiyoijua, huku kuna mtu ubavuni mwake anayemwambia moja moja: fupi, Kimani. Tena fupi. Sasa ndefu. La, ndefu, umesikia?

Lazima kuna mtu. Hawezi kuifanya peke yake.

Nilichukua kalamu nikaandika kwenye kiganja, kwa sababu karatasi ilikuwa mbali na sikutaka kusogea. Ndefu, ndefu. Fupi, ndefu. Ndefu, ndefu. Fupi, fupi.

MAMI.

Sijui nilipiga kelele gani. Mama Abdi anasema aliisikia hadi dukani akadhani ni msiba, akapanda ngazi na mtandio mkononi.

Mlio ukaendelea, kila herufi ikichukua muda wa kupika chai. U. M. E. Ukanyamaza, nikadhani ndiyo basi. Ukarudi, mwembamba kama uzi. K. U. Nusu ya herufi nyingine, mfupi na mrefu, kisha ukatoweka, na kilichobaki ni upepo wa redio tu. Nilingoja mpaka Ochieng akagonga mlango kusema watu wa third floor sasa wanakuja wenyewe. Nikamwambia awashe.

Sijui Baba ameumia wapi. Sijui kwa nini hawezi kuinua mkono mwenyewe, wala kama zile sindano bado zina ubaridi, wala kama betri itaamka tena. Maji yao yamekwisha. Bwana Mutiso anasema mto umeshuka na gari litajaribu kuvuka kukipambazuka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakunieleza habari za waya. Bado ninaogopa. Naogopa kuliko asubuhi, kwa sababu asubuhi nilikuwa nimeanza kumzika na sasa nimempata tena, na anaweza kunitoka.

Mtu amelala mchangani bila maji, na kwa betri ya mwisho ya gari anauliza kama nimekula.

Kabla sijazima redio nilishika maiki. Kama bado wananisikia, sijui. Sikusema neno. Nilibonyeza mara moja.

Kisha nikaenda mezani, nikafunua sahani ya Mama Abdi, nikala ule wali wote, ukiwa baridi hivyo hivyo, isije ikawa nimemdanganya.