Sabuni Imekwisha

Jumatatu, 3 Juni

Asubuhi redio ya kinyozi — Waswidi. Mchana duka la simu — Waswidi. Jioni jirani anafua, redio yake inawapiga Waswidi wale wale. Watu wanne, nguo za kumetameta, viatu virefu kama vigoda. Waliacha kuimba zamani, mimi nikiwa bado na nywele, na hawajatuacha mpaka leo! Miaka thelathini na minne nimefundisha muziki. Sina mwanafunzi hata mmoja anayekumbuka wimbo wangu wa mahafali. Wa Waswidi wanaujua mpaka watoto wa chekechea. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawa wametembea sana.

Jumatano, 5 Juni

Binti yangu kaja na mchumba wake. Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nikamtolea nota za wimbo wa kumwingiza ukumbini: sauti nne, kazi ya miezi mitatu. Akazisoma zote. Anasoma vizuri, nilimfundisha mwenyewe. Akasema ni mzuri, Baba. Kisha akasema angependa kuingia na wimbo wa Waswidi, na kwaya yangu ndiyo iuimbe.

Waswidi! Mchumba kaanza kutikisa mguu kabla hata mtu hajaimba. Nikasema ule si muziki, ni maji ya sukari. Binti akajibu kuwa nyimbo zangu watu huzisikiliza kama wanaomeza dawa. Ulimi huo kaurithi kwa mama yake.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeusikiliza mara sita, kalamu mkononi, nikitafuta makosa. Wimbo mwepesi, unajirudia, hauna aibu. Kuna mahali pamoja tu ambapo besi inashuka pale ulipotegemea ipande. Pazuri. Hata mwizi ana siku yake ya bahati.

Jumapili, 9 Juni

Binti kaja tena, peke yake. Sasa nimeelewa. Mama yake — mwaka wa kumi na moja huu tangu aniache — hana hakika kama atakuja harusini. Hataki kukaa ukumbi mmoja na mimi. Na ule wimbo ni wake. Aliuimba akifua. Kiingereza hakujua, aliimba alivyosikia. Kiitikio kwake kilikuwa “sabuni imekwisha, sabuni imekwisha.” Binti alikua akiamini Waswidi wanalia shida ya sabuni.

Nakumbuka. Nilikuwa nikitoka chumbani, kalamu nyuma ya sikio, kumrekebisha. Mara ya kwanza alicheka. Baadaye hakucheka. Siku moja akanyamaza kabisa, uani kukawa kimya, na mimi mpumbavu nikafurahi kwamba sasa nitafanya kazi! Mwaka ule ule akafungasha, akachukua na kaseti yake ya Waswidi.

Binti hakunigombeza. Alisema tu, “Baba, ulimrekebisha mpaka akaisha.”

Jumanne, 11 Juni

Mazoezi. Wanakwaya wanaujua tayari! Hawa hawa walionisumbua wiki sita kwa kipande changu cha sauti ya pili. Besi wetu mnene, ambaye hajawahi kuingia kwa wakati tangu nimjue, leo kaingia kwa wakati. Nimewadharau wote.

Alhamisi, 13 Juni

Nimewaandikia maneno kwa mkono, karatasi kumi na mbili. Sikuyapitia. Mara ya kwanza maishani mwangu kutoyapitia.

Jumamosi, 15 Juni

Chumba cha nyuma ya ukumbi. Kiongozi wa sauti ya kwanza, yule mshonaji, kaniletea karatasi yake kwa adabu.

“Mwalimu, hapa kwenye kiitikio umekosea. Umeandika sabuni imekwisha.”

Nikaangalia. Mwandiko wangu kabisa. Karatasi zote kumi na mbili! Kalamu ilikuwa nyuma ya sikio, ningeweza kukata. Nikamwambia waimbe kama ilivyoandikwa. Kaniangalia sana, akaenda kuwaambia wenzake. Nawasikia wanacheka.

Binti kachungulia, shela mkononi. Mama kafika, anasema, lakini yumo garini na dereva, hashuki. Amekaa robo saa sasa.

Nimefungua madirisha yote. Gari liko pale, chini ya ukuta, vioo vimepandishwa. Na niseme wazi: wimbo ni takataka. Sijabadili mawazo. Naogopa tu.

Mshereheshaji katoa ishara. Nilitakiwa niwe mbele yao. Siwezi kutoka hapa dirishani. Wameanza bila mimi — na wala hawanihitaji, washenzi.

Ubeti wa kwanza. Besi imeshuka pale pale. Kioo cha gari kimeteremka kidogo.

Kiitikio. Mshonaji kasita, kisha wote kwa nguvu — sabuni! Wageni wameangua kicheko. Mlango wa gari umefunguka. Kutoka hapa sioni kama ni wa dereva au wa mama yake —