Santuri ya Mama Neema

Jumanne jioni.

Miaka sita nimemficha binti yangu Neema jambo moja kuhusu santuri ya mama yake, na sasa ananiomba nimchongee nakala. Wiki ijayo anahamia ng'ambo.

Leo nimeharibu sahani tatu za plastiki alizoninunulia mwanangu Biwi. Sindano ikichonga hutoa nyuzi za plastiki, nami nachelewa kuzifagia kwa brashi. Zinajikusanya, sindano inaruka, wimbo unakatika. Neema akacheka: "Papa, mashine njo inatetemeka, ao ni we?" Nikamfokea. Hakustahili.

Kifua changu kinazidi kuuma, na akishaondoka sitamwona tena, najua.

Mke wangu aliimba mara moja tu mbele ya mashine hii, akiwa mgonjwa kitandani. Sauti ilikwenda moja kwa moja kwenye sahani. Hakukuwa na nakala nyingine. Nilikuwa namtazama yeye, sikutazama nyuzi. Zikajikusanya, na sindano ikaulima wimbo wote. Hakuwa na nguvu ya kurudia, na Ijumaa akafariki.

Siku ya kumaliza matanga watoto waliiomba ile santuri. Nikaogopa kuwaambia, nikamwomba Esteri aimbe mahali pake.

Leo alipoaga, Neema alisema, "Mama ataimba mu nyumba yangu kule. Batoto bangu batamusikia."

Kesho nitamwambia, hata akinichukia. Naandika hapa kwanza ili niweze kulitamka: anayeimba kwenye santuri ile ni Esteri, mdogo wa mama yake. Sauti ya mama yake niliiharibu mimi.