Springi Iliyotoboa Ukuta

Darlene, mimi mzima. Soma hii kabla mwanao Cody hajatoka.

Travis wangu alikuwa gereji, hapa nyumbani, anafungua lile gari lake la injini kubwa la mwaka 1970, anatoa springi za mbele, zile nene zinazobeba uzito wa gari. Mimi niko upande wa pili wa ukuta, natoa nguo kwenye mashine ya kukaushia. Soksi ikaanguka, nikainama.

Ukalia mlio kama wa bunduki. Kuinuka, ukuta una tundu na springi imekwama kwenye mashine. Pale pale kilipokuwa kifua changu.

Pale pale, Darlene.

Travis akaja mbio. Nikamuuliza, "Kwani hukuifunga mnyororo isiruke?"

"Nilidhani jeki itaibana, Mama."

"Mnyororo uko wapi?"

"Kwenye ndoo. Cody alisema ni wa waoga."

Sikumgombeza. Machozi hayaji. Nimeketi nakunja taulo, nimeshazikunja mara mbili.

Sikulaumu wewe. Ila springi ya kushoto bado imebanwa vilevile, na Cody ameahidi kuja saa kumi kuitoa. Mfichie funguo za gari lake. Akikasirika, mwambie ni mimi niliyesema.